Sufuria ya Shaba Imefika Butimba

Nyakato, Mwanza
Jumanne jioni

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Kwenye simu ulisema haliumi, na Zuhura akasema nyuma yako kwamba linauma na kwamba unakataa kupakwa ile dawa ya chupa ya kijani. Namwamini Zuhura. Mpe mguu akuchue, ndiyo sababu mama mdogo alikuachia binti yake ukae naye. Na paa la jikoni limeshazibwa? Nasikia Kigoma mvua imekuwa ya kukaa, haikatiki. Huku kwetu imenyesha vibaya, mara moja kubwa kisha kimya, na vumbi limerudi kama halikuwahi kuondoka.

Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile. Wiki iliyopita nilivuka kwenda Sengerema kwa ajili ya habari ya pamba, lakini habari niliyorudi nayo ni ya akina mama wa Kigongo waliokuwa wakiuza mayai ya kuchemsha na karanga kwa watu wanaongoja feri. Sasa tunapita darajani, gari haisimami, na wao wanatafuta pa kukaa na masinia yao. Mhariri alisema ni habari ndogo. Nikamwambia iweke hivyo hivyo ndogo, na ameiweka.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unaweka spika. Najua unaiweka kwa sababu ya sikio la kulia, lakini ukiweka spika anasikia Zuhura, anasikia mama mdogo, na anasikia yeyote aliyekuja kuazima ungo. Kwa hiyo naomba uvae miwani uisome mwenyewe. Usimpe Zuhura akusomee. Akishakaa karibu yako mwambie aende akaangalie kama kuku wameingia.

Jambo lenyewe ni sufuria.

Uliponipigia ukaniambia, "Zai, kuna mzigo wa mke wa Shabani unakuja na basi, upokee umfikishie," sikuuliza ni mzigo gani. Nilidhani ni mawese na dagaa. Nikaenda stendi ya Nyegezi, nikaonyeshwa furushi limefungwa kwa khanga yako ya zamani na kamba ya katani. Kijana wa mizigo alipolinyanyua akasema, "Mama, humu kuna nini, nanga?" Nikamwambia ni vyombo. Akasema, "Vyombo vya nani, vya mfalme?" Alipoliweka chini, mfuniko uligonga ukingo ndani ya khanga, na niliujua mlio ule kabla sijafungua fundo lolote. Nilisimama pale stendi nikiwa nimeshika sufuria ya shaba ya bibi, ile ya mfuniko bapa wenye ukingo wa kuzuia makaa, nikitakiwa kuipeleka nyumbani kwa mtu mwingine.

Mama, neno la jambo hili ni wivu. Nimehoji watu wengi waliokuwa nalo wakaliita haki, wakaliita mila, wakaliita heshima ya ukoo, na kila mara nilijua ni lile lile. Kwa hiyo mimi sitalibandika jina jingine. Nilimwonea wivu Koku, huyo mke wa mdogo wangu, pale stendi, nilimwonea ndani ya teksi, na nikiandika sasa hivi bado ninao, ingawa umebadilika umbo. Nitakueleza.

Wivu ulianza Idd iliyopita. Unajua kwamba tangu Shabani ahamie Mwanza, mimi ndiye ninayempelekea sahani ya mkate wa nyama. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu, binti mkubwa anaoka, wengine wanapelekewa. Huku Mwanza binti mkubwa ni mimi, hakuna mwingine. Kila Idd nilioka kwenye oveni yangu, nikafunika sahani kwa kitambaa, nikapeleka Butimba. Idd iliyopita nilikuwa bado naosha sinia, Shabani akapiga hodi. Mkononi ana sahani. Imefunikwa kwa kitambaa.

"Dada Zai, shikamoo. Idd njema. Koku amekuletea."

Nikafunua. Mkate ulikuwa wa rangi ya kahawia juu, umesimama pembeni, umekatwa pembe tatu kama unavyokata wewe. Nikaonja nikiwa nimesimama.

Shabani akasema, "Umeona? Kama wa mama kabisa."

"Na wa kwangu miaka yote ulikuwa kama wa nani?"

"Wa kwako ulikuwa mzuri, dada."

"Sikuuliza kama ulikuwa mzuri. Nimeuliza ulikuwa kama wa nani."

Akatazama viatu vyake. Unamjua mwanao, hajui kusema uongo na hajui kusema ukweli, anajua kutazama viatu. Kisha akasema, "Wa kwako ulikuwa wa kwako," akaomba maji ya kunywa.

Nilimuuliza ni wapi mkewe alijifunzia. Ndipo nikajua kwamba wewe na Koku mna mazungumzo kwenye simu, kwamba anakuuliza, na wewe unamrekodia sauti, unamtumia. Binti wa Kilutheri kutoka Muleba, aliyesilimu juzi kwa ajili ya ndoa, ambaye kwao nyama inachemshwa na ndizi na chumvi ikatosha. Bizari ameijua kwetu. Na sasa ananiletea mimi sahani.

Kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyolipokea furushi. Sikulipeleka Butimba siku ile. Nililipeleka Nyakato. Nikaisugua sufuria kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa, na Jumamosi nikaoka ndani yake.

Nilifanya kila nilichokiona ukifanya. Nilipata mawese ya kwetu sokoni, nikapaka. Nilinunua nyama, wakaisaga kwa mashine. Nikapiga mayai, nikatia chenga za mkate, kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari nzima, iliki, mdalasini, pilipili manga. Nikachanganya, nikamimina, nikaweka jikoni, nikafunika, nikapalia makaa juu. Harufu ikatoka, harufu yenyewe. Jirani yangu Mama Masanja, yule Msukuma wa nyumba ya mbele ambaye hana simile, akaja bila kuitwa, akavuta kigoda.

"Dada mwandishi, leo unapika nini cha kututesa?"

"Mkate wa nyumbani kwetu."

"Basi mimi nakaa. Mkate wa kwenu ni wa kwetu."

Nilipopindua kwenye sinia, kilianguka kitu chenye juu nyeusi na chini nyeusi. Katikati kikafunguka, maji mekundu yakatembea mpaka ukingoni mwa sinia. Mama Masanja akatazama kwa muda.

"Huyu mnyama," akasema, "mmemchinja, au mmemtisha tu?"

"Moto ulikuwa mkali."

"Moto ulikuwa mkali kwa nje. Ndani hakuna aliyepeleka taarifa." Akachovya kidole, akalamba. "Viungo viko sawasawa. Aliyekufundisha viungo alikufundisha. Aliyekufundisha kupika ndiye sijamwona."

Mama, nimelifikiria neno la Mama Masanja siku zote hizi, na nimelifuatilia kama ninavyofuatilia habari, kwa kurudi nyuma na kuuliza nani alikuwepo, nani aliona nini. Mimi sikuwepo. Ulipokuwa unaanza kuoka, nilikuwa nasimama mlangoni, na wewe unasema, "Toka, utaungua, nenda kasome." Nilikwenda. Nilikaa barazani na kitabu. Baadaye unaniita, "Zai, njoo ushike sinia," naja, naona unachanganya mayai, unamimina, unapalia makaa. Nilikuwa nafukuzwa mwanzo na kuitwa mwisho. Katikati sikuwahi kuiona. Maisha yangu yote nimekuwa naanzia pale ulipokuwa unamalizia, na oveni ilikuwa inanifichia, kwa sababu oveni hukausha kila kitu hata kama hujui unachofanya.

Siku ya pili yake nilipeleka sufuria Butimba.

Koku alikuwa mzito, siku zake zilikuwa zimefika. Alipofungua mlango akaniona, akaanza kupiga magoti kunisalimu, kama wanavyofanya kwao, na tumbo lile. Nikamwambia inuka. Akasema, "Wifi, nikisalimia nimesimama usingizi hautanijia." Akashuka mpaka chini, "Shikamoo wifi," kwa mikono miwili, kisha ikabidi mimi na mdogo wake tumnyanyue. Nakuandikia haya ili ujue kwamba ni vigumu kumchukia. Nimejaribu kwa uaminifu.

Alipofungua khanga akaona sufuria, hakupiga kelele. Aliipapasa ukingo wote kwa kiganja. Kisha akafunua mfuniko, akaingiza uso ndani, akanusa.

"Wifi, umeipikia?"

"Niliijaribu kama haivuji."

"Sufuria ya shaba ivuje?"

"Imetoka mbali. Barabara mbovu."

Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema, "Usinizalishe hapa mlangoni." Akanieleza basi kwamba ulimwahidi sufuria kwa ajili ya akika, kwamba mkate wa akika ya mjukuu wako uokwe ndani yake. Alikuwa amepanga kila kitu: mbuzi, wageni, moto. Jambo moja hakulipanga, na nilimuuliza papo hapo.

"Akika ni siku ya saba. Siku ya saba wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa hapa."

"Utakuwa ndani, Koku. Mzazi wa kwetu hakai jikoni mpaka arobaini ziishe. Hapuliziwi moshi, hainami, hanyanyui sufuria ya shaba. Mama hajakwambia?"

Akamtazama mdogo wake, ambaye anajua kupika uji na kufua nguo za mtoto na amekuja kwa hayo mawili. Mama yake mzazi alikuwa bado Muleba. Kisha akanitazama mimi. Nikajua ombi kabla halijatamkwa, na nikajua pia kwamba siwezi kulikataa wala siwezi kulitimiza.

Mtoto alizaliwa Alhamisi, wewe ulisikia kabla yangu. Wamempa jina lako. Nimembeba, ni mzima, ana paji la uso lako na kelele za baba yake.

Siku ya akika nilifika asubuhi. Shabani na rafiki zake walikuwa wameshachinja. Ile nyama walikuwa wanaitenganisha kwenye viungo bila kuvunja mfupa hata mmoja, na Shabani alikuwa akiwasimamia kwa sauti kubwa, "Taratibu, taratibu, tunamwombea mtoto mifupa mizima." Huo ndio uliokuwa mwanzo nisioujua. Sikuwahi kujua kwa nini kwetu akika ni lazima mkate. Koku ndiye aliyeniambia, kupitia dirishani: kwa sababu mifupa haivunjwi, nyama inavuliwa yote kutoka mfupani, ikishavuliwa inakatwakatwa ndogo kwa kisu, na iliyokatwa hivyo ndiyo ya mkate. Nina umri huu, nimezaliwa Ujiji, nimeelezwa mila ya Ujiji na Mhaya.

Dirisha la chumba chake linatazama uani. Mimi nilikuwa uani na jiko. Yeye alikuwa kitandani na mtoto, pazia limeshushwa, na tulifanya kazi hivyo, sauti yake inapita kwenye pazia.

"Wifi! Nyama inakatwa kwa kisu, sio ya mashine."

"Nakata."

"Ndogo?"

"Koku, njoo upime."

"Siruhusiwi, ndiyo maana nauliza. Bizari umekaanga?"

"Nimekaanga."

"Imenukia au imeungua?"

"Nina pua."

"Najua wifi. Lakini mama anasema pua ya mwenye haraka haisikii."

Hapo nilitaka kuondoka. Nilivua aproni. Shabani akaniona, akaanza kutazama viatu vyake, nikaivaa tena.

Kisha nikafika pale ambapo sikuwahi kufika. Nikamuuliza, "Sasa namimina mayai?" Akasema kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake ana kitu usoni, "Wifi, nyama haijapikwa."

"Itapikwa kwenye mkate."

"Hapana. Inapikwa kwanza. Peke yake, na viungo, mpaka ikauke. Mayai ni ya mwisho. Ngoja, nisikuchanganye. Ngoja uisikie mwenyewe."

Pazia likafunuka kidogo, mkono ukatoka, ukaweka simu kwenye kizingiti cha dirisha. Halafu wewe ukaanza kuongea.

Nilikuwa na mwiko mkononi. Ulisema: "Koku mwanangu, usiogope. Nyama itatoa maji, iache. Usiyamwage, itayanywa yenyewe. Kaa nayo tu, ikoroge, usiende kufanya kingine. Ukiona mafuta yamejitenga pembeni, hapo imeiva. Na ukikosea si kitu, tutaanza upya. Mimi niko hapahapa, siendi popote."

Ikaisha. Koku akauliza, "Nirudie?"

"Usirudie."

Nikatia nyama jikoni. Ikatoa maji. Nikaikoroga. Baada ya muda nikasema, "Rudia."

Akarudia. Hakusema neno, na namshukuru kwa hilo. Mama, nimekaa na sauti yako tangu nizaliwe. Nimeisikia ikipiga bei sokoni, ikisoma Kurani, ikimkemea Shabani, ikinituma dukani, ikinifukuza jikoni. Sauti ile ya kwenye simu sikuwahi kuisikia. Mimi ulinifundisha mengi, na mengi kati ya hayo nayala mpaka leo, kwa sababu ulinisukuma kwenye kitabu na kitabu kimenilisha. Silalamikii kitabu. Lakini sikumbuki kuambiwa tutaanza upya. Nilikuwa naambiwa nisirudie kosa.

Tuliendelea. Nyama ikayanywa maji yake, mafuta yakajitenga. Ikapoa. Nikatia mayai na chenga, nikapaka sufuria mawese, nikamimina. Koku akanielekeza moto: chini makaa machache yaliyovaa majivu, juu mengi yanayowaka, kwa sababu mkate unaiva kutoka juu kwenda chini. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume. Hapa Mwanza kila kitu tunakipika kwa moto wa chini, na ingawa nilipalia makaa juu, nilisahau kwamba mfuniko ule una ukingo ili ubebe mengi. Nikachomeka kijiti, kikatoka kisafi. Nikaepua, nikaiacha ipumue, nikapindua kwenye sinia.

Mkate ulisimama. Mzima. Nilizunguka sinia lile kama ninavyozunguka ajali, nikitafuta ufa, sikuuona.

Wageni walikuwa wamekaa sebuleni. Alikuwepo Bi Fatuma wa Kirumba, ambaye mlikuwa naye Ujiji kabla hajaolewa huku, yule anayesema unadai kumzidi kwa pilau na kwamba si kweli. Shabani akakata pembe tatu, akaanza na yeye. Bi Fatuma akatafuna macho yamefumbwa. Sebule ikangoja.

"Rehema," akasema. "Rehema huyu. Amefika lini?"

Shabani akacheka, "Mama yuko Ujiji, bibi."

"Basi mkono wake umetangulia." Akageukia pazia la chumba. "Koku! Mwanangu, hongera. Umeuchukua mkono wa mkweo wote, hukumbakishia kitu."

Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai. Nilikuwa na moshi kwenye nywele na mawese kwenye kiwiko. Sikusema chochote, Mama, nataka ujue hivyo. Nilimimina chai.

Koku akaitikia kutoka ndani, "Siyo mimi bibi, mimi mzazi, jikoni sijaingia. Ni wifi. Ni Dada Zai kaoka."

Watu wakageuka wakanitazama. Bi Fatuma akanipima kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayesoma gazeti ambalo hakutegemea kuliona limeandika kweli. Nikajua sasa, hatimaye, nitaambiwa hongera.

"Aa," akasema. Akakigeukia tena chumba. "Basi umemfundisha vizuri."

Sebule nzima ikacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu kulikuwa na watu. Shabani akaongeza kwa furaha yake yote, "Dada Zai, umeona? Sasa wa kwako umekuwa kama wa mama!" Sijamjibu mpaka leo.

Sufuria imebaki Butimba. Niliiosha mwenyewe, nikaikausha, nikaiweka juu ya kabati lao. Ulimpa yeye, ni yake, sitaomba igawanywe. Lakini kuna swali nimelibeba, na nitakuuliza moja kwa moja kama ninavyouliza watu wengine. Ulipotuma sufuria kwa Koku ulijua siku zake. Wewe ndiye uliyenilea kwa mila ya arobaini, huwezi kuwa uliisahau. Ulijua kwamba siku ya akika atakuwa nyuma ya pazia, na ulijua uani atakuwa nani. Je, ulipanga? Kama ulipanga, ulinifundisha kupitia kwa mtu mwingine wakati nambari yangu unayo. Kama hukupanga, basi hukunifikiria kabisa. Nimejaribu kuchagua ni jibu gani ningelipenda na sijapata. Nijibu tu lililo kweli.

Nisalimie mama mdogo, mwambie dawa ya macho aliyoiagiza nimeipata na itakuja na mtu. Msalimie baba mkubwa, umwambie gazeti lenye picha ya daraja nimemwekea, asisumbue watu. Msalimie shangazi wa Mwanga na binamu zangu wanawe, hasa yule mwenye cherehani, kitambaa chake nakikumbuka. Zuhura mpe salamu zake, na kama amesimama nyuma yako anasoma juu ya bega, mwambie nimemwona. Baba mdogo imamu umwombe dua ya mtoto. Koku na Shabani wanakusalimu, Koku kwa magoti.

Jioni ile ya akika, kabla sijaondoka, Koku alinirushia sauti zako zote. Aliniuliza kwanza, "Wifi, nikutumie?" nikasema tuma. Sasa ziko kwenye simu yangu. Ya nyama, ya mayai, ya makaa, ya kijiti, na ile uliyorekodi mvua inanyesha na mbuzi analia, ukacheka katikati. Nimezisikiliza zote. Kila moja inaanza, "Koku mwanangu." Kwa hiyo, Mama, kuoka sasa najua, vipimo ninavyo, katikati nimeiona, hakuna kilichobaki cha kunifundisha. Hata hivyo nirekodie moja. Ya chochote. Ya kuchemsha maji ya chai. Mtoe Zuhura nje, kaa karibu na simu, na uianze kwa kusema, "Zai mwanangu."

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Zaituni